Koki Hataki Kura

Siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, akiwa katikati ya kupiga pasi shati, Mama Pasi alipata habari kwamba mumewe atasimama kumpinga mbele za watu. Aliyemletea habari ni msusi, jirani yake wa duka la pili, mwanamke ambaye neno likimkaa tumboni zaidi ya robo saa humletea kichomi.

"Shoga, keti kwanza," msusi alisema.

"Nitaketije na pasi mkononi? Sema."

"Shemeji kakubali kusema upande wa hapana, Jumamosi. Fundi Kufuli kamwomba, naye kakubali."

Mama Pasi aliiweka pasi juu ya kibao chake, si juu ya shati, na hilo peke yake linakuonyesha ni mwanamke wa namna gani. Wengine tungeunguza. Alimaliza kola, akamaliza mikono, akalitundika shati kwenye henga, ndipo akaketi.

"Haya, rudia," alisema. Msusi akarudia kwa furaha, na safari hii akaongeza chumvi kidogo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Baraza la mji lilikuwa limeiandikia mitaa yote barua yenye swali moja: wakazi wasio raia, waliokaa hapa miaka mitano na zaidi, wapewe haki ya kumchagua diwani au wasipewe? Hapakuwa na habari ya rais wala bunge. Ni diwani tu, yule wa taa za barabarani, mitaro na magari ya taka. Kila mtaa ulitakiwa uitishe mkutano, ujadili, upige kura ya kunyoosha mikono, kisha upeleke jibu. Wasio raia waliruhusiwa kusema mkutanoni, lakini kunyoosha mkono hawakuruhusiwa. Ukiona ajabu, jua si wewe peke yako.

Mama Pasi alijitolea kuwa msemaji wa upande wa ndiyo kabla hata barua haijamaliza kusomwa. Sababu aliyowaambia watu ilieleweka kwa kila mtu. Mumewe alikuwa mgeni kwa karatasi tu. Miaka ishirini na saba iliyopita alikuja na begi moja na spana tatu kufunga mabomba ya jengo la posta, akamwona binti anapiga pasi kwenye dirisha la mbele, na kazi ya wiki mbili ikachukua wiki sita. Tangu hapo hakuna sinki mtaani ambalo hajaingiza kichwa chini yake. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki ndani ya pasipoti, watu wote walimwita Koki, na watoto walidhani ndivyo alivyozaliwa.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu, hata msusi, hasa msusi. Mama Pasi alikuwa anaogopa. Koki angetimiza miaka sitini mwaka unaofuata, na alikuwa ameanza kusema kwamba magoti yamechoka kupiga magoti. Uraia wa kwao hakuwahi kuuacha. Huko kwao, ng'ambo ya mpaka, nyuma ya nyumba ya wazazi wake, kulikuwa na kijumba cha vyumba viwili chenye mlango wa bluu, alichokijenga yeye mwenyewe kwa likizo za miaka tisa. Mama Pasi alikiona mara moja tu akakichukia kwa moyo wake wote, kama mtu anavyoweza kumchukia mke mwenza. Kila alipomwona mumewe ameketi kimya baada ya kula, alijua mawazo yake yako kwenye mlango ule. Hakuthubutu kumuuliza, maana swali la namna hiyo likishatoka mdomoni hujibiwa, na jibu likishatoka halirudi.

Basi akaweka tumaini lake kwenye kura. Aliamini kwamba mtu akimchagua diwani atataka kubaki aone diwani huyo amefanya nini. Miaka mitano ya kwanza itapita kwa kulalamika, mitano ya pili kwa kutaka kumwondoa, na kufikia hapo mtu ameshazeeka na hana nguvu ya kuhama. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake. Yale mengine aliyoyaandika kwenye kurasa mbili za daftari yalikuwa mapambo.

Jioni ile Koki alirudi, akavua viatu mlangoni, akanawa mikono mpaka viwikoni kama kawaida yake. Mkewe alimsubiri akauke.

"Nasikia una shughuli Jumamosi."

"Hata wewe unayo," Koki alisema.

"Kwa nini umekubali?"

"Fundi Kufuli aliniuliza nikiwa chini ya sinki lake. Mtu akiwa chini ya sinki hawezi kubishana."

"Ila kukubali anaweza."

"Nilikubali kwa sababu ndivyo ninavyoamini, mke wangu."

"Unaamini nini? Niambie."

Koki akatabasamu. Alikuwa na tabasamu la upande mmoja ambalo kwa kawaida lilimponya na mengi. "Ukijua leo, Jumamosi utanimaliza. Na kanuni ya Mwalimu unaijua."

Lile tabasamu halikumponya. Tangu Jumatano hiyo hadi Jumamosi, nyumba ile ilikaa kwa maneno machache sana. "Chumvi hiyo." "Asante." "Simu yako inalia." "Nimeisikia." Binti yao, aliyeolewa upande wa pili wa mji, alipiga simu Alhamisi, akazungumza na mama, akazungumza na baba, kisha akamwambia mumewe kwamba huko nyumbani kumenuna mpaka makochi.

Sasa nikueleze kanuni ya Mwalimu, maana bila hiyo huwezi kujua Mama Pasi alikuwa anaingia kwenye nini. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mwalimu mstaafu, mama mfupi mwenye miwani ya kamba na kengele ndogo ya mkononi. Miaka miwili nyuma, katika mkutano wa kuamua mapipa ya taka yakae wapi, watu wazima walipayukiana hadi kiti kikavunjika, na aliyekivunja akasema hakumbuki alikuwa anapinga nini. Siku hiyo Mwalimu akaweka kanuni: hakuna atakayesema lake mpaka kwanza aseme la mwenzake. Unamtazama yule anayekupinga, unaeleza kile anachokiamini na kwa nini anakiamini, naye anajibu mojawapo ya maneno mawili, ndivyo au sivyo. Unapewa nafasi tatu. Ukishindwa zote, unaketi na hoja yako mfukoni. Watu walinung'unika, wakasema hii ni shule ya watoto wadogo, lakini tangu hapo hakuna kiti kilichovunjika.

Jumamosi saa kumi ukumbi wa mtaa ulijaa. Viti vya plastiki havikutosha, wengine wakaegemea madirisha. Feni moja ilizunguka kwa kujivuta na nyingine ilikuwa ya kutazamwa tu. Upande wa ndiyo ulikaa kushoto, Mama Pasi na msusi mbele. Upande wa hapana ulikaa kulia, Fundi Kufuli mbele, na kando yake Koki, amevaa shati jeupe ambalo mkewe mwenyewe alilipiga pasi asubuhi ile. Ugomvi ni ugomvi, lakini mume wa Mama Pasi hawezi kuonekana na makunyanzi.

Walianza msusi na Fundi Kufuli. Wale wawili walikuwa wamebishana mambo haya kwenye veranda za maduka yao kwa wiki nzima, kwa hiyo kila mmoja aliisema hoja ya mwenzake mara moja tu, akapata ndivyo yake.

Fundi Kufuli hakuwa mtu mbaya, wala hakuwachukia wageni. Alisema kazi yake ni funguo, na anajua kitu kimoja. "Mlango upo. Mtu akikaa miaka, anaomba uraia, anaapa, anaingia, anapiga kura zote, ya diwani na ya rais. Kwa nini tutoboe dirisha pembeni ya mlango? Anayetaka kuamua nasi, na afungamane nasi kwanza."

Watu walitikisa vichwa kukubali, kwa sababu lilikuwa neno la maana.

Msusi akasimama. "Mlango wako huo, Fundi, una sharti. Ukiingia unaacha wa kwenu. Mtu ana mama yake kule, ana kaburi la baba yake kule, unamwambia akane ndipo apate diwani wa kuzoa taka? Ninyi si ndio mnaosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Basi huyu mmempa jembe miaka ishirini na saba. Siku ya kuamua tulime wapi, mnamwambia atoke nje!"

Makofi yakapigwa, Mwalimu akapiga kengele, na zamu ikafika kwa wale watu wawili ambao kwa kweli ndio walioujaza ukumbi. Mama Pasi akainuka. Koki akainuka. Watu wakaanza kucheka kabla ya lolote, wakijua kwamba kwa mtu na mumewe kanuni ile itakuwa kazi ya sekunde mbili. Atakosaje kujua anachoamini mwanamume aliyelala naye miaka ishirini na saba?

"Mama Pasi," Mwalimu alisema, "mwenzako anaamini nini?"

Mama Pasi aliweka daftari lake kitini. "Mume wangu ni mtu wa adabu. Anaamini mgeni ni mgeni tu. Si heshima kumpangia mwenyeji mambo ya nyumbani kwake."

"Sivyo," alisema Koki kwa upole.

Ukumbi uliangua kicheko. Mtu mmoja dirishani akasema kumbe hata huko kuna siri. Mama Pasi alihisi uso unawaka. Angeweza Koki kusema ndivyo, kumsitiri tu mkewe, lakini Koki hakuwahi kusema bomba limepona wakati linavuja, na Mama Pasi alijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani.

"Nafasi ya pili."

Jibu la pili alikuwa nalo. Alikuwa nalo kabla ya Jumatano, kabla ya barua ya baraza. Alikaa nalo peke yake kitandani miaka na miaka, na sasa ilimbidi alitoe mbele ya mtaa mzima na akajibiwe hapo hapo. Alitamani kuketi. Akapiga moyo konde, na sauti ilipotoka ilikuwa ndogo mpaka waliokuwa nyuma wakainama mbele kusikiliza.

"Mume wangu anaamini kwamba mtu mwenye kwao kwingine, ambaye siku moja atarudi huko, hana haki ya kuamua mambo ya watakaobaki."

Koki alimtazama kama asiyemwelewa. "Sivyo," alisema. Kisha, kinyume cha kanuni, akaongeza, "Kurudi wapi?"

"Kwenu."

"Kwetu kwa nani?"

"Kwenye nyumba yako! Ya mlango wa bluu!"

"Ile?" Koki akajikuna shingo. "Ile si nilimpa dada yangu alipofiwa? Huu mwaka wa sita sasa. Mlango wenyewe alishaupaka rangi ya kijani."

"Hukuniambia."

"Nilidhani nilikuambia."

"Hukuniambia! Miaka sita!" Mama Pasi alikuwa amesahau kwamba yuko mkutanoni. "Miaka sita mimi silali kwa ajili ya nyumba ya wifi yangu!"

Mwalimu akapiga kengele. "Jamani, ya nyumbani yaishie nyumbani."

"Waache, Mwalimu!" ilitoka sauti nyuma. "Tunafaidi!"

Kengele ikapigwa tena, ndefu, mpaka kicheko kikatulia. Mama Pasi alisimama pale amekamata mgongo wa kiti cha mbele yake. Kifuani alihisi wepesi ambao hakuuzoea, wepesi wa mtu aliyetuliwa gunia ambalo alishasahau kwamba amelibeba. Hakuwa na kijumba cha kuogopa tena. Na kwa kuwa kijumba kilikuwa kimeondoka machoni pake, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akamwona mumewe mwenyewe.

"Nafasi ya mwisho," Mwalimu alisema. "Usiharakishe."

Hakuharakisha. Alimfikiria Koki kazini. Alimfikiria anavyovua viatu kwenye kila mlango, wa tajiri na wa maskini, na anavyofunga maji kwanza kabla hajasema neno. Alifikiria wale ndugu wawili waliogawana nyumba kwa ukuta katikati, hawasalimiani hata msibani, na bado bomba la maji ni moja, na mtu pekee anayepita pande zote mbili ni Koki. Alifikiria diwani wa sasa na diwani wa zamani, ambao kila mmoja akisikia jina la mwenzake hutema mate, na jinsi wiki moja Koki alikula chakula cha mchana kwa mmoja na cha jioni kwa mwingine. Kila uchaguzi, vijana wa kampeni walipopita kugawa fulana, walimruka. Mwache, huyo Koki, hana kura, walisema, na Koki alipita katikati ya makundi yote mawili na begi lake la spana, watu wakimpisha.

"Mume wangu anaingia kila nyumba ya mtaa huu," Mama Pasi alisema, polepole, "kwa sababu hana upande. Akipata kura, wataanza kumuuliza atampa nani. Akimpa huyu, yule atamfungia mlango. Leo mlango mmoja, kesho wa pili. Hiyo milango ndiyo anaiogopea. Ameipenda kuliko sisi tuliozaliwa humo."

Koki alitazama chini. Aliponyanyua uso, macho yake yalikuwa na maji.

"Ndivyo," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mama Pasi alilitafuta daftari lake, akaona kurasa zile mbili hazimfai kitu, akasema yaliyomjia.

"Basi nakujibu. Kura ni siri. Wewe umeona yaliyo chini ya masinki yetu yote, umeona tunachomwaga na tunachoficha, na hujawahi kumwambia mtu, hata mimi, na Mungu ananijua nilivyokubembeleza. Mtu wa hivyo atashindwa kunyamazia karatasi moja? Halafu hiyo milango. Unadhani inafunguliwa kwa sababu huna kura? Inafunguliwa kwa sababu bomba likipasuka unakuja. Hata ukimpigia kura shetani, maji yakifika kitandani watakuita."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi, na upande wa kulia ukapiga makofi pia, kisha ukakumbuka ukaacha. Mwalimu alisubiri, akamgeukia Koki. "Na wewe. Mwenzako anaamini nini?"

Hili lilionekana jepesi. Hoja za Mama Pasi zilikuwa zimebandikwa kwenye mlango wa duka lake kwa siku kumi, kwa herufi kubwa.

"Mke wangu anaamini kwamba anayekaa na mtaro unaonuka ana haki ya kumchagua wa kuuzibua."

Msusi alishaanza kutikisa kichwa kukubali. Ndiyo hiyo, nini tena? Lakini Mama Pasi alikuwa anafikiria jinsi mumewe alivyomjibu kweli mara mbili mbele za watu, ilhali uongo ungekuwa rahisi. Hakutaka kumlipa chenji pungufu.

"Sivyo," alisema.

"Shoga!" msusi akamnong'oneza, akimvuta gauni. "Sivyo nini? Ndiyo yenyewe!"

Koki hakushangaa. Aliinamisha kichwa upande, hivyo anavyoinamisha akiweka sikio ukutani kutafuta maji yanapopotelea, akamsikiliza mkewe aliyekuwa hasemi kitu. Alikumbuka bila shaka neno la mlango wa bluu. Pengine alikumbuka na mengine, ya jioni nyingi.

"Anaogopa nitaondoka," alisema. "Anataka kura inishike hapa."

"Ndivyo," alisema Mama Pasi. Alilisema kwa sauti kamili, mbele ya wateja wake wote, na hakuona haya.

Mwalimu alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Haya, Koki. Umepata. Sema hoja yako."

"Hoja yangu ameshaisema yeye, tena vizuri kunishinda," alisema Koki. "Yangu ni kujibu ya kwake tu. Naipinga. Siondoki. Mkinipa kura siondoki, mkininyima siondoki. Nitazeekea hapa, na nikifa mtanizika hapa, mvua ikinyesha mtalaumiana kwamba Koki angekuwepo mtaro usingeziba. Kwa hiyo hoja ya mke wangu haina msingi. Nimemaliza."

Akatoka upande wa kulia, akapita mbele ya meza ya Mwalimu, akaja kuketi kwenye kiti kando ya mkewe. Msusi alikuwa ameshampisha bila kuombwa. Mama Pasi alimshika mkono wa kushoto, mkono mgumu wenye kovu la bisibisi, kwa mkono wake wa kulia. Kwa mkono mwingine alikuwa na leso puani, maana mambo yalikuwa yamefika pabaya. Alikuwa ameshindwa mjadala mbele ya mtaa mzima, na hakuwa amewahi kushindwa kwa raha kama ile.

Mwalimu akaomba mikono ya ndiyo. Akapita katikati ya viti na penseli, akahesabu, akarudi akahesabu tena. Thelathini na tisa. Akaomba mikono ya hapana. Akahesabu vilevile, mara mbili. Thelathini na tisa.

"Sare," alitangaza, akapiga kengele ya kufunga. "Barua ya baraza inasema mtaa ukitoka sare, mkutano urudiwe mwezi ujao."

Wakati huo ndipo msusi, aliyekuwa amesogea kiti cha nyuma, alipotazama mbele yake akaona alichokiona.

"Mwalimu! Mwalimu, huyu hakunyoosha! Msemaji wetu mkuu hakunyoosha mkono!"

Watu wote wakageuka. Mama Pasi akaangalia mkono wake wa kulia, uko ndani ya mkono wa Koki. Akaangalia wa kushoto, una leso.

"Kengele imeshalia," alisema Mwalimu, akijitahidi asicheke. "Kanuni ni kanuni."

Fundi Kufuli alikuwa amejishika mbavu. "Nilijua nikimchukua Koki nitaupunguzia upande wa pili kura moja," alisema alipopata pumzi, "ila sikujua itakuwa ya mkewe!"

Msusi hakusema na Mama Pasi mpaka walipofika nje, na huko alisema kwa muda mrefu, akahesabu kwenye vidole watu wote aliowabembeleza nyumba kwa nyumba, halafu akamkumbatia, akamwambia ni mjinga na anampenda, akaondoka kwa hasira kwenda kumweleza kila atakayekutana naye.

Koki na mkewe walirudi kwa miguu, jua likiwa bado juu ya mapaa. Kila veranda iliwaita. Mmoja alimpongeza Mama Pasi kwa hotuba, mwingine akamwomba siku nyingine aje na mikono mitatu. Alicheka na wote. Moyo wake ulikuwa mweupe, na alitamani njia iwe ndefu.

"Umeninyang'anya kura yangu," alimwambia mumewe.

"Mimi? Nani alimshika mwenzake?"

"Na hukuniambia miaka sita."

"Nilikuwa sijui kwamba unaniuliza," Koki alisema. "Samahani, mke wangu."

Walifika pale barabara inapokata kona, na Koki akasimama. Kulikuwa na doa la maji katikati ya lami, upana wa meza ya kulia chakula, lililokuwa halikauki hata kiangazi. Watu walishalizoea, walilizunguka bila kulitazama. Koki alichutama kwa tabu, akaweka kiganja chini.

"Bomba kubwa hili limechoka," alisema. "Siku likipasuka, nyumba kumi na mbili zitaogelea. Mwaka wa kumi na nne huu namfuata diwani, huyu na yule aliyetangulia, nawaambia wafukue mita sita tu. Wananipa soda. Hawaandiki hata jina langu."

"Kwa nini?"

"Waandike la nini? Sipigi kura."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja saa, akafuta kiganja kwenye suruali yake safi. Mama Pasi alisimama wima barabarani, akamtazama mume wake kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Hayo maneno," alisema, "mbona hukuyasema mkutanoni?"

"Hakuna aliyeniuliza ya bomba."

"Mwezi ujao utayasema. Hivyo hivyo, bila kuongeza neno."

"Nitayasema upande gani?"

"Wewe yaseme tu, baba," alisema Mama Pasi, akimshika kwapani kumwinua. "Wakishayasikia, watakuonyesha pa kuketi."